Mahudhurio

Saa moja na nusu naita majina ya darasa la tano.
Semkiwa. Nipo.
Mwanakombo. Nipo.
Nyange.
Nyange.
"Mwalimu, anasema macho yanamuuma kwa nyuma,
na mifupa kama imetwangwa."
Naweka sifuri kwa wino mwekundu. Ya nne wiki hii.

Yupo mmoja nisiyemwita.
Huingia kengele ya kwanza inapogongwa,
hukaa chini ya madawati, penye kivuli na vifundo vya miguu.
Miguu yake ina mistari myeupe, safi kuliko soksi za kiranja.
Hana daftari, hana mchango wa uji, hajawahi kuchelewa.
Usiku, huku Makorora, tunachomekea chandarua pande zote
tunalala kifalme,
tumemfungia mlango mtu aliyekwisha kula.

Kidingapopo.
Nilipokuwa mdogo nililicheka neno hili,
nikidhani ni mchezo wa kurukaruka.
Jumatano nililiandika ubaoni. Hakuna aliyecheka.
Tukaacha hesabu za sehemu, nikawagawia vikombe vyeupe:
"Nileteeni maji yaliyosahauliwa."

Wakaleta.
Semkiwa alitoka nyuma ya genge la Bi Mwanamvua na kifuu,
na Bi Mwanamvua, aliyeapa kwamba vifuu vyake huvichoma vyote,
akachungulia ndani, akanyamaza.
Mwanakombo alileta kopo la rangi
ambalo ua lake lilikufa tangu likizo.
Pacha wa kina Shekalaghe wakaja wamebeba kwa pamoja,
kama wabebao jeneza,
kizibo. Kizibo tu cha soda,
maji yake hayajazi kijiko cha dawa,
na ndani viluwiluwi watatu wakijikunja
kama alama za kuuliza zisizo na sentensi.

Mashavu, mdogo kuliko wote, alirudi mikono mitupu.
"Mwalimu, yangu hayabebeki."

Akatuongoza hadi njia ya kuingilia,
kwenye matairi ishirini na sita yaliyolazwa chali,
jeupe, la bluu, jeupe, la bluu,
kila moja na ua lake katikati,
yaliyopigwa picha siku aliyokuja mkaguzi.
Akachota ndani ya mdomo wa tairi.
Hatukuhitaji kuhesabu.
Maji yenyewe yalikuwa yanatembea.

Mwalimu mkuu, Bwana Shemsanga, aliyatazama muda mrefu.
Nilijua bei ya ile rangi, aliitoa mfukoni mwake.
Nilijua pia kwamba Nyange ni mtoto wa dada yake.
Akavua saa. Akakunja mikono ya shati.
Akatuma mtu kwa Mbaruku, fundi baiskeli,
aje na msumari mnene na jiko la mkaa.
Mpaka adhuhuri shule nzima ilinuka mpira unaoungua,
matairi yakatobolewa moja moja, yakalia kwa chini,
na ardhi ikanywa
kilichotaka kutunywa sisi.

Sasa kila Ijumaa tunamwaga, tunageuza,
tunasugua kuta za pipa kwa brashi na mchanga,
maana mayai yake hushika hapo, yakakauka, yasife,
yakingoja mvua kwa subira ambayo sisi hatuna.
Sidanganyi mtu kwamba tumeshinda.
Ng'ambo ya ukuta kuna gereji,
na gereji ina matairi yasiyopakwa rangi wala kuhesabiwa.
Nimeandika barua mbili. Ya tatu nitaipeleka na kikombe.

Jumatatu Nyange amerudi, shingo imekonda, kola imempwaya.
Naita.
"Nipo," sauti nyembamba kama uzi.
Kalamu yangu haijagusa karatasi
linasikika, nyuma ya darasa, kofi moja juu ya goti.

Vichwa arobaini na tatu vinageuka.
Siulizi ni nani.
Nafunga daftari, nachukua vikombe.